Kilichomnyoa Mama Jumwa

Hapana. Dawa ya saluni haikumla Mama Jumwa kichwa, haikupenya hadi kwenye ubongo, na haikumuua. Wewe Riziki uliyeyasema hayo Jumamosi, kitana mkononi, mbele ya mteja aliyekuja kusukwa kwa heri yake, una bahati mikono yangu ilikuwa imefungwa bandeji. "Kila mtu Malindi anajua," ulisema. Kila mtu Malindi anajua pia kwamba ukifagia jioni unafukuza riziki, na bado saluni tunaifagia jioni, na wewe Riziki bado uko.

Nimekaa sasa niyaseme yote, kwa sababu nimeacha kazi na sina tena mteja wa kunikatiza. Mnacheka, najua. Mtu wa miaka thelathini na kitu anastaafuje? Anastaafu mikono ikikataa. Dawa za kunyoosha nywele zimenila ngozi ya vidole mpaka siwezi kukamua limau. Daktari wa ngozi aliigeuzageuza mikono yangu akauliza nafanya kazi gani ya saruji. Nikamwambia napamba watu. Akasema niache, au atakuja kunipamba yeye. Basi nimeacha. Vitana vyangu mmegawana, rola mmegawana, kile kiti cha kuzunguka mmekipigania. Hili nalo ligawaneni.

Nilifika Malindi mwanzo wa miaka hii ya themanini, nimetoka Mariakani, ambako mamangu alikuwa akiwauzia chai madereva wa malori. Shule niliishia darasa la saba. Kazi niliyoijua ilikuwa kusuka: nilikuwa nikiwasuka wasichana wa jirani na kugombana na mama zao. Mtu akanielekeza kwa mwanamke mmoja Mgiriama mwenye saluni nyuma ya soko, chumba kimoja cha mabati, mlango umepakwa rangi ya samawati. Huyo ndiye Mama Jumwa; Jumwa ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Alikuwa mpana, mweusi wa kung'aa, na kichwani ana nywele nyingi nzito ambazo alizifunga nyuma kama mtu aliyebeba mzigo asioutaka. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama vidole kabla ya uso.

"Wajua nini?"

"Kila kitu," nikasema.

"Vizuri. Basi utaanza na kuosha."

Nikaosha vichwa mpaka nikachukia vichwa. Kitana sikupewa. Lile chanuo la moto, lililokuwa likipashwa juu ya jiko la makaa, sikuruhusiwa hata kulikaribia. Mama alikuwa akilijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti; karatasi ikigeuka kahawia analirudisha ubavuni mwa jiko lipoe, na mteja anaambiwa ashike sikio lake mwenyewe, ili akiungua asitafute wa kulaumu. Mimi kazi yangu maji, sabuni na taulo. Siku moja nikalipuka. Nikamwambia sikutoka Mariakani kuja kuwa bomba la mfereji.

Hakukasirika. Alisema, "Wewe Mwikali ni moto wa makuti. Hebu njoo." Akanishika mkono akanitia vidole kwenye kichwa cha mteja aliyekuwa ameinama kwenye karai. "Unasikia nini?"

"Nywele."

"Nywele ni mazao. Shamba liko chini. Hapa pana moto, hapa pana vipele, hapa pamevutwa na msusi mwingine mpaka pamechoka. Mpaka vidole vyako vijue kulisoma shamba, mie sikupi jembe."

Alikuwa ametoka kwenye mashamba ya mahindi kule nyuma ya Ganze, na kila kitu kwake kilikuwa kilimo. Alikuwa na mtindo wake, ambao sijauona saluni nyingine: kabla ya kumtia mtu dawa, alimng'oa nywele chache kwa ruhusa, akautazama mwisho wa kila unywele mlangoni kwenye mwanga. Ukitoka na ncha nyeusi laini iliyovaa kama soksi yenye majimaji, anasema, "Huu ulikuwa kazini." Ukitoka na kirungu kidogo kikavu cheupe, kama kichwa cha kiberiti, anasema, "Huu ulikuwa umelala, ulikuwa uanguke wenyewe." Akipata zilizolala nyingi, dawa hatii. Anamrudisha mteja nyumbani na pesa yake. Wateja wengine walidhani ni mganga. Aliwaacha wadhani, mradi wasilete kuku.

Na kila mteja aliondoka na nywele zake zilizokatika, zimefungwa kwenye gazeti. Hilo mnalijua, bado mnalifanya. Hakuna mtu wa pwani aliye na akili anayeacha nywele zake sakafuni kwa watu.

Mteja wetu mmoja alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya wasichana, Mwalimu Nyambura. Alipomwona Mama akitazama mwisho wa unywele mlangoni, alicheka kwa furaha, akasema, "Mama Jumwa, hayo unayoyatazama yana majina. Njooni shule, mtayaona makubwa." Mama alidhani ni heshima tu ya mteja. Mimi sikumwacha Mwalimu alale. Kila alipokuja nilimkumbusha, mpaka akachoka akatuita.

Tulikwenda tumevaa nguo za kanisani. Mwalimu aling'oa unywele wangu mmoja na wa Mama mmoja, akauweka wa Mama juu ya kigae cha kioo, akadondosha tone la maji, akausukuma chini ya hadubini. Nikainama. Haki ya Mungu, nilidhani nimetazama kitunguu kimeng'olewa sasa hivi, na udongo wake.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu bila hili hamtaelewa yaliyomkuta Mama.

Kila unywele umesimama ndani ya kifuko kilichozama kwenye ngozi. Chini kabisa kifuko kimevimba, ndicho hicho kitunguu. Katikati ya kitunguu, kwa chini, kunaingia kinundu cha nyama chenye mishipa midogo ya damu. Hicho ndicho jiko. Chakula kinatoka hapo. Kinundu kimezungukwa na seli, zile chembe hai ambazo mwili mzima umejengwa nazo, na seli hizi za hapa zina kazi moja tu, kugawanyika. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, hazina Jumapili. Za chini zinazisukuma za juu, na aliyesukumwa hana pa kurudi. Zikipanda kidogo zinakutana na seli nyingine, wapaka rangi, wanaogawa weusi. Wakichoka hao ndipo mvi. Zikipanda zaidi zinarefuka, zinajaa kitu kigumu cha jamii ya ukucha, halafu zinakufa. Pembeni kuna kuta za seli nyingine zinazoushika unywele ungali laini, zinaupa umbo, kama bati linavyoushika mkate mbichi usimwagike. Kifuko chetu sisi kimepinda kama ndoana, ndiyo maana nywele zinatoka zimejikunja. Ndiyo maana pia dawa hainyooshi mtu milele: inanyoosha kilichokwisha toka, kule chini mpindo uko palepale.

Na kifuko nacho huchoka. Kinafanya kazi miaka, kisha seli zinaacha kugawanyika, kitunguu kinanywea, unywele unabaki umesimama juu ya kile kirungu kikavu. Unakaa hivyo miezi, unaanguka, kifuko kinashuka tena chini kutafuta kinundu chake, kinaanza upya. Vyote havilali pamoja, ndiyo maana hatuwi vipara kwa zamu.

"Kwa hivyo hizi zilizoko nje ya ngozi?" Mama aliuliza.

"Zimekufa, Mama. Zote."

Mama akasema, "Kumbe kazi yetu ni kupamba makaburi." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mama aliinama tena kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alisema polepole, "Lakini huku chini kuna watu wanafanya kazi, na hawajui hata kama kuna saluni."

Mwalimu aliniazima kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma na kamusi, mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa juu ya debe nyumbani kwa Mama kule mtaa wa Kisumu Ndogo, maana nilikuwa nimehamia kwake. Sikuacha mpaka nikamaliza sura ya ngozi. Sura za mbele na nyuma sizijui. Mkiniuliza figo, nendeni kwa Mwalimu.

Halafu ikaja kalikiti, dawa ya kukunja nywele, na Malindi yote ikalowa mafuta. Mnaikumbuka ile mikunjo ya kudondoka. Mito ya vitanda, makochi, viti vya basi, vyote vilikuwa na doa la kichwa. Kila mwenye chupa ya dawa akawa fundi. Siku moja akaletwa msichana wa mapokezi wa hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi, kajifunika leso, analia. Rafiki yake alimtia dawa chumbani, wakapitiwa na usingizi. Nywele zilikuwa zinakatika ukizipulizia tu. "Hazitaota tena," analia, "Mama, nitaolewa na nani?"

Mama alizikusanya zile nywele kiganjani, akamwonyesha. "Tazama mwisho. Una kitunguu?"

"Hauna."

"Una kirungu?"

"Hauna. Umekatika tu, butu."

"Basi mazao yameliwa na nyani, shamba lipo. Nenda ukasubiri mvua." Na alisubiri, na ziliota, na aliolewa, na alipojifungua mtoto alimwita Jumwa. Likumbukeni hilo neno butu. Dawa ya saluni inaua maiti. Inaukata unywele njiani. Ikikaa sana inaunguza ngozi, ndiyo, na kidonda kibaya kinaweza kuua shamba. Lakini kidonda kinaonekana. Kichwa cha Mama hakikuwa na kidonda.

Alichokuwa nacho kilikuwa kwenye titi la kushoto. Alikificha. Mwanamke aliyezoea kupapasa vichwa vya watu wote alipapasa uvimbe wake mwenyewe miezi sijui mingapi, akanyamaza, kwa sababu bintiye Sidi alikuwa chuo cha ualimu na mambo yalikuwa yanakwenda. Mimi niligundua siku alipoinua mkono kutundika pazia akaung'ata mdomo. Niligomba. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Nikamburuta hospitali, hospitali ikatupeleka Nairobi, kwenye ile kubwa, tukakaa kwenye mabenchi na watu wa kila kabila ambao hawakuwa wakisemezana. Walimkata titi. Halafu wakasema kuna dawa ya mshipani, itatiwa kwa awamu, atakuwa akienda na kurudi.

Muuguzi aliyetueleza alikuwa mzee mpole, sauti ya chini. "Mama, dawa hii haiujui uvimbe kwa sura. Inajua kitu kimoja: seli inayogawanyika haraka. Ikiikuta, inaipiga. Uvimbe unagawanyika haraka, utapigwa. Lakini mwilini mna vingine vinavyogawanyika haraka ambavyo havina kosa. Utapata vidonda mdomoni. Utatapika. Na kichwani..."

"Kitunguu," Mama akasema.

Muuguzi hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatazama sakafu.

"Zitaanguka," akamalizia. "Dawa ikiisha, zitaota tena. Kinachozizaa hakifi."

Ilianza saluni. Mama alikuwa ameinama anamsuuza mteja, na matonge ya nywele yakaanza kuingia kwenye karai. Mteja akafumbua macho, akapiga ukelele: "Uwii! Nywele zangu!"

"Tulia, mwanangu," Mama akasema. "Zako ziko salama. Hizi ni zangu."

Mteja alilipa bila kuchanwa, akaenda na kichwa kibichi. Maneno mnayoyasema leo yalianza siku hiyo, yalitoka mlango uleule na huyo mwanamke.

Nilizikusanya kutoka kwenye karai, nikazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Sikuona kirungu. Sikuona mwisho butu. Kila unywele, kule chini, ulikuwa umekondeana, umekondeana, mpaka ukawa na ncha kama penseli iliyochongwa. Hizo ni seli zilizokuwa kazini zikijenga, zikapigwa zikiwa na tofali mkononi. Zikajenga kwembamba, kwembamba zaidi, mpaka ukuta ukakatika. Nilimwonyesha Mama. Nilimwonyesha yeyote aliyetaka kutazama. Hawakutaka. Kuna saluni moja mtaa wa pili, jina silitaji, iliyojaa wateja wetu mwezi uleule, na fundi wake alikuwa akisema, "Mtu hawezi kulinda kichwa chake, atalinda chako?" Nilikwenda pale. Yaliyotokea pale wanayakumbuka wenyewe, na kioo chao walinunua kingine.

Zilizobaki aliniambia nizinyoe. Nilinyoa kwa wembe na maji ya vuguvugu. Kichwa chake kilikuwa kizuri, cha duara, sikuwahi kukijua. Mwisho akazikunja nywele zake kwenye gazeti, kama za mteja, akasema, "Haya, Mama Jumwa, chukua mzigo wako."

Asubuhi yake tulikwenda sokoni. Sasa, nyinyi wa hapa mnajua, na wa bara nitawaambia: kwa Wagiriama, mwanamke aliyenyoa kichwa kafiwa. Ni desturi ya matanga. Wa karibu wananyolewa, na nywele zikianza kuota watu wanajua msiba unakwisha, kifo kimeondoka mlangoni. Hakuna anayekuuliza kwa nini umenyoa. Wanakuuliza nani. Basi muuza nyanya, mama mmoja tuliyezoeana naye, aliacha mizani, akamshika Mama mikono miwili.

"Pole sana, mwenzangu. Nani katutoka?"

"Bado," Mama akasema. "Tumeanza mapema, tusije tukakosa nafasi."

Yule mama hakujua acheke au alie. Akamwekea nyanya za juu. Na mbele kidogo muuza nazi naye: pole, Mungu akutie nguvu, tutakuja tukae nawe. Na mbele tena. Mama aliitikia kila mmoja, asante, asante, tumeshapoa. Nilitaka kupiga kelele kwamba hajafa mtu. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani na kikapu mapajani, hakukitua.

"Mwikali," alisema. "Leo nimezikwa na soko zima. Na wote walikuwa watu wema."

Awamu ya kwanza, ya pili, alikwenda. Nilikwenda naye. Alitapika njia nzima ya kurudi kwenye kopo la maziwa, basi likawa linatusubiri, na hakuna abiria aliyelalamika, hilo niseme. Kabla ya awamu ya tatu, Sidi akaja kutoka chuoni na kijana wake, na wazee wa kijana wakaja, na mahari yakakubaliwa, na siku ya arusi ikapangwa. Ndipo Mama akasema harudi Nairobi.

"Unasema nini?"

"Nasema baada ya arusi."

"Mama, walisema usikatize."

"Walisema pia nywele hazitaota mpaka dawa iishe. Niende nikatiwe, nije arusini mwa mwanangu na kichwa cha matanga?"

"Vaa wigi! Nitakutafutia, nitakuchania mwenyewe, hakuna atakayejua."

"Kwetu mama wa bibi arusi anapakwa mafuta ya mbono kichwani na mashangazi, mbele ya watu. Watapaka wigi?"

"Wasipake!"

"Shangazi zangu hawajui seli, Mwikali. Wanajua kipara ni kifo. Nikiingia hivi, wataniona nimemletea Sidi jeneza. Hawatasema. Watalibeba. Na mwaka wa kwanza mtoto akiumwa, watalikumbuka."

Nilimwambia ni ujinga. Nilimwambia shangazi zake waende wakapakane mafuta wao kwa wao. Nilimwambia, mbele ya Sidi, ambaye alikuwa hajaambiwa nusu ya mambo, kwamba anachagua nywele kuliko uhai. Sidi akaanza kulia, akasema basi arusi iahirishwe. Hapo ndipo Mama alipokasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hakuna kinachoahirishwa! Nimeosha vichwa vya watu maisha yangu yote ili huyu aolewe na cheti chake mkononi. Mwikali, umenisikia? Baada ya arusi nitakwenda, hata kwa miguu. Kabla, siendi. Na wewe ukinipenda utanyamaza."

Mimi! Ninyamaze! Nilinyamaza.

Na ziliota. Kwanza kivuli, kama masizi ya chungu. Halafu ukigusa unasikia. Hazikuwa zile za zamani. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, zimejikunja vidogo vidogo, na mvi ndani yake, maana wapaka rangi hawakurudi wote. Kinundu kilikuwa kimengoja pale chini muda wote, na seli zilipoona hakuna anayezipiga tena, zilianza. Moja mbili, mbili nne. Kitabu kilisema kweli.

Soko lilifurahi. Muuza nyanya alimpigia kigelegele cha peke yake. "Umeona, mwenzangu? Msiba una mwisho." Wateja wakaanza kurudi mmojammoja, wanamgusa kichwa, wanacheka. Shangazi mmoja alikuja kutoka Ganze, akamshika kichwa mikono miwili, akasema Mulungu ameondoa mkono wake. Sidi aliimba nyumbani kutwa. Na Mama mwenyewe alikuwa akijipapasa kila mara, akipika, akizungumza, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Kwao wote, nywele zimeota, kifo kimekwenda. Ndivyo walivyolelewa, na mara zote iliwahi kuwa kweli.

Mimi peke yangu pale nilikuwa nimesoma ile sura. Nilijua kilichozirudisha. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini. Kama seli za kichwani zilikuwa huru kugawanyika, basi kila seli ilikuwa huru. Nywele kuota hakusemi uvimbe umerudi, msinielewe vibaya. Kunasema tu kwamba mlinzi ameondoka langoni, na sasa anayetaka kuingia ataingia. Huenda hakuna aliyetaka. Kila asubuhi nilimtazama kichwa, kila siku kimepiga hatua, na watu wananiuliza, "Mbona wewe hufurahi? Una wivu?"

Asubuhi ya arusi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, saluni tumeifunga kwa ajili yake. Nje wanawake walikuwa wameanza ngoma, mashangazi wamefika na chupa ya mafuta. Nilimchana kwa brashi ya mtoto, kwa sababu kitana kilikuwa kikubwa mno. Alikuwa amevaa leso mpya, kifuani upande wa kushoto ametia kitambaa ili pawe sawa na kulia. Alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande huu. Akashika mkono wangu wenye brashi.

"Mwikali. Hawa wote nje hawajui lolote. Wewe umesoma. Zimeota vizuri hivi... nimepona?"

Nilisema, "Umependeza, Mama."

Alinitazama kwenye kioo, sijui muda gani. Kisha akasema, "Haya, nipake mafuta kidogo hapa mbele, wasije wakasema fundi wangu mbaya." Akatoka. Mashangazi walimpaka mbele ya watu wote, vigelegele vikapanda, na alicheza kuliko bibi arusi.

Tulikwenda Nairobi baada ya arusi, kama alivyoahidi, hata wiki haikupita. Daktari aligusa shingoni, akagusa kwapani, akarudia kwapani, kisha akaanza kutuuliza habari za Malindi, mvua kama imenyesha. Sisemi awamu ya tatu ingemponya. Nilimuuliza daktari, nikamshika koti, akasema hajui, na naamini hajui. Mama alirudi, akalala nyumbani kwake, Sidi upande mmoja na mie upande mmoja, na alipoaga dunia kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele.

Mnaniambia ningemwambia ukweli. Wewe Riziki, na wengine mnaonisikiliza hapa mkitikisa vichwa. Haya basi. Ngoma iko mlangoni, mwanawe anaolewa, amekushika mkono, anakutazama kwenye kioo na nywele zake mpya, na anakuuliza kama amepona. Sema: utamwambia nini?